Programu Iliyofundwa

Programu yangu ya kwanza kuiandika huku kusini ilikuwa inaamkia watu. Msicheke, vijana. Nilikuwa mgeni, Mpare niliyeletwa Masasi na ndoa na kazi kwa mpigo mmoja, na nilikuwa nimeshaonywa kwamba huku mtu asiyeamkia hapewi hata maji ya kunywa. Basi nikaona na kompyuta nayo iwe na adabu. Karani akiiwasha asubuhi, kabla ya jambo lolote, kioo kinaandika: "Shikamoo."

Ilikuwa kwenye zahanati moja ya mtu binafsi kule Newala, ambayo jina lake naliacha. Dirishani, pale wagonjwa wanapoandikishwa, alikaa Mama Fatu, mtu mzima mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na yeye salamu ile aliipenda mno. Kila asubuhi aliijibu kwa nguvu, "Marahaba, mwanangu," ndipo aanze kazi. Siku alipougua, akakalishwa pale binti mdogo, mwajiriwa mpya. Kompyuta ikamwamkia. Yule binti alitoka nje mbio, akagoma kurudi mpaka aambiwe ni nani aliyemfanyia dhihaka ile, kwa maana mashine ameikuta kazini, kwa hiyo ndiyo mkubwa wake, na mkubwa hamwamkii mdogo hivihivi ila kuna jambo.

Nikaitwa kutoka Masasi. Dawa nikaiona nyepesi: programu imwulize mtu umri wake kwanza, ndipo ijue nani wa kuamkiwa na nani wa kusalimiwa tu. Mama Fatu akarudi kazini, akaulizwa umri na kompyuta mbele ya foleni nzima. Akaizima. Akaniambia, "Mama Neema, umri wangu simwambii hata mume wangu, sembuse hili debe."

Tukabaki na "Karibu", na "Karibu" haijawahi kugombana na mtu.

Nimeanza na kichekesho hiki kwa sababu ninyi mnaoingia kwenye kazi ya kuandika programu mnanijia na nyuso za msibani. Nimeshastaafu, nakaa zangu hapa Masasi na mikorosho yangu michache, lakini haipiti wiki bila kijana kunipigia au kubisha hodi na swali lilelile: akili mnemba imekuja, inaandika programu yenyewe, je, sisi tutakula wapi? Jibu langu ni refu na lina binti ndani yake. Anaitwa Somoe.

Somoe ni wa Newala. Alikuja Masasi kusoma sekondari, na kila likizo alishinda kwangu akichungulia kioo changu juu ya bega mpaka nikachoka kumfukuza, nikamsogezea kiti. Alipomaliza chuo nami nikawa nafunga kazi, nilimpa laptopu yangu, ile niliyoifanyia kazi miaka yangu ya mwisho. Herufi A imefutika kabisa kwenye kibao chake. Sikumpa kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpa. Nilimpa kwa sababu sijawahi kuona mtoto anayependa kazi hii kama yeye. Akipata kosa kwenye programu, anatabasamu, kama mtu aliyeona nyayo za mnyama anayemwinda.

Sasa Jumamosi moja, jua limepanda, nimebandika ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni, namwona anaingia uani na laptopu imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Newala?"

"Nzuri tu. Baridi." Akaiweka laptopu juu ya mkeka, taratibu, akasogea nyuma. "Nimekurudishia. Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Hii kazi. Mjomba ana duka la simu pale stendi, anatafuta mtu wa kumwamini. Imebaki hii ya zahanati tu, Alhamisi wanaijaribu. Nikishaikabidhi, basi."

Ya zahanati ni ileile niliyowaambia. Mfumo wangu ulikuwa umezeeka, unakohoa, na mwenye zahanati, Baba Rehema, alikuwa amempa Somoe kazi ya kutengeneza mpya. Somoe alikuwa amejipanga kuifanya muda mrefu, kwa raha zake. Halafu akaielezea akili mnemba kile anachotaka, na kabla ya adhana ya adhuhuri mfumo mzima ulikuwa umesimama mbele yake: kuandikisha, kutafuta jalada, vipimo, dawa, kila kitu.

"Nilidhani nitafurahi," akasema. "Nikakaa naiangalia. Nikajiona kama mtu aliyealikwa shughuli akafika sahani zinaoshwa. Mama Neema, mimi nilikuwa napenda ile kuhangaika. Sasa kazi yangu ni nini? Kubonyeza?"

Iliniuma, sitaki kuwaficha. Mtoto niliyemsogezea kiti ananirudishia kiti. Lakini mimi nina ugonjwa mwingine wa zamani: nikisikia kuna kitu kipya, siwezi kukaa. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamwambia, "Haya, kuacha utaacha. Kwanza nionyeshe hiyo mashine."

Ndugu zangu, niliona. Somoe aliandika kwa Kiswahili, Kiswahili hikihiki, kwamba nataka wagonjwa wapangwe kwa vijiji. Wakapangwa. Nikasema aiambie ioneshe akina mama ambao watoto wao wamepitisha siku ya chanjo. Ikaonesha, na ikauliza kama tungependa wapelekewe ujumbe wa simu. Ming'oko yangu ilikuwa haijachemka. Nilishika kichwa. Nimefanya kazi hii tangu enzi za flopi, vile visahani vilivyokuwa vinaharibika ukivitazama vibaya. Naijua gharama ya kila kitu nilichokuwa nakiona pale kioo kikitiririka, na kwa hiyo naweza kuwaambia bila kusita: ni kazi nzuri. Safi, imenyooka, na ina maelezo mengi pembeni kuliko nilivyowahi kuweka mimi.

Nikakumbuka kosa langu moja la zamani. Mfumo ulikuwa unazima wenyewe kila mwisho wa mwezi, na masika nzima nilihangaika nao. Nilisafiri mpaka Dar, lori limekwama njiani siku nzima kwenye tope, nikamwone bwana mmoja aliyekuwa na kitabu. Bwana yule alinijibu huku anatafuna, akanitazama kama nimekuja kuomba chumvi. Nikarudi Masasi na robo ya jibu. Mwisho wake kosa nililiona, lakini sikuwahi kuelewa vizuri kwa nini lilitokea. Karatasi ya programu ile bado ninayo, nimefungia picha za harusi. Nikaenda kuitoa, nikamwambia Somoe aipige picha ampe mashine, ila asiiambie kosa liko wapi.

Ikasema papo hapo: mstari huu hapa, hesabu ya siku inavuka mwezi bila kufungwa. Halafu ikaeleza kwa nini, pole pole, kwa mfano wa kalenda ya ukutani, bila kutafuna na bila kunidharau. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Watu wananiuliza kama niliona wivu. Nione wivu wa nini? Ningekuwa na mwalimu wa namna hiyo nilipokuwa na umri wenu, Masasi hii hii, bila kukwama kwenye tope lolote, mngekuwa mnanisoma kwenye magazeti.

Somoe hakucheka. Alikuwa anatazama mkeka.

Hapo nikamkumbuka Mzee Mnali, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi redio hapa mjini, kompyuta zilipokuja akazifungua kama alivyofungua redio, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi hasa, si chuo. Hakujua kuandika programu vizuri. Alijua kusikiliza. Kabla sijaandika mstari wowote, alikuwa anaegemea kiti, anafumba macho, anasema, "Nisimulie programu yako kama unavyonisimulia msiba ulivyokwenda. Nani alifika kwanza, nani akafuata, nani alikaa wapi, nani alikasirika." Nikisimulia sawasawa, macho yanabaki yamefumba. Nikiruka mahali, anafumbua. "Hapo umeruka," anasema. Na kila alipofumbua macho, ndipo baadaye programu ingeanguka, kama sikumsikiliza.

Kama kuna kitu kimoja mtakachochukua kwangu, chukueni hicho. Ile mashine nayo inataka kusimuliwa hivyohivyo. Ukiisimulia nusu, inakupa nusu, ila inakupa kwa ufasaha mpaka usione kwamba ni nusu.

Basi nikaegemea, nikafumba macho. "Somoe, nisimulie dirisha."

Akaguna, lakini akasimulia. Mgonjwa anafika, nesi anamwuliza jina, anaandika, jalada linatokea. Kama hana jalada, linafunguliwa. Bibi asiye na simu anaandikishwa bila namba. Hapo akasema mashine ilikuwa imelazimisha kila mtu awe na namba ya simu, na yeye aliligundua hilo kwa kusoma mstari kwa mstari, akaliondoa. Nikafurahi kimoyomoyo. Vijana, someni kila mstari. Akaendelea. Mtoto anakuja na mama yake, anaandikwa chini ya mama. Anakua. Anakwenda jandoni, anarudi...

Nikafumbua macho.

Kwa wale mnaonisoma kutoka mikoa mingine: huku kwenye uwanda wa juu wa Newala, likizo ikifika, wavulana wanaingia jandoni na wasichana unyagoni, na wakitoka wanatoka na majina mapya. Yule Hamisi uliyemjua hayupo tena. Jina la utotoni linabaki kulekule, na ukimwita nalo hadharani umemtukana yeye, mama yake na waliomfunda. Sasa fikirini zahanati. Kila msimu wali, ndio hao waliofundwa, wanapotoka, dirishani wanakuja watoto wenye majina ambayo kompyuta haijawahi kuyasikia, na majalada yao ya miaka yote yamelala humo ndani kwa majina ambayo hakuna mtu mwenye adabu atakayeyataja.

Mimi nililiona tatizo hilo zamani. Nikaongeza nafasi kwenye mfumo: "Jina la zamani." Nikaona nimemaliza. Nafasi ile ilikaa tupu uhai wake wote, kwa sababu Mama Fatu hakuwa tayari kuuliza swali lile hata kwa fimbo. Nikasema huu ni uvivu, nikakaa dirishani mwenyewe, nikamwuliza bibi mmoja kwa sauti yangu ya Kipare, "Mjukuu wako huyu aliitwa nani kabla?" Foleni ilikufa ganzi. Yule bibi akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wewe mama, kwenu mnavuana nguo dirishani?" Niliondoka kwenye kiti kile, na sijawahi kukikalia tena.

"Hebu tuone mashine imefanyaje," nikamwambia Somoe.

Yeye alikuwa ameshaiambia kwamba watoto wengine hubadili majina. Tukafungua. Ilikuwa imeweka nafasi nzuri, imepigiwa mstari: "Jina la awali." Na ilikuwa imeilazimisha. Usipoijaza, huendi mbele.

Nilipiga makofi. "Imefanya kama mimi! Tena imenizidi ukali!" Na sikuicheka kwa ubaya. Ndilo jibu ambalo msomi yeyote kutoka mbali angelitoa, na mimi nililitoa kwa mkono wangu. Tofauti ni kwamba mimi nilichukua msimu mzima kufika kwenye kosa, yenyewe imefika kabla ming'oko haijaiva.

Somoe akasema bila kuniangalia, "Mimi nilishaitwa."

"Uliitwa wapi?"

"Dirishani. Zahanati nyingine, wakati huo walikuwa na kadi za karatasi. Nilikuwa nimetoka unyagoni wiki ileile, nimepakwa mafuta, nimevaa vitenge vipya. Mama alinipeleka, nilikuwa na homa. Nesi mgeni akachukua kadi akaita jina lile. Akaita tena, kwa nguvu. Wenzangu tuliotoka pamoja walikuwepo. Ikabidi nisimame." Akavuta uzi kwenye mkeka. "Sikwenda shule muda mrefu baada ya hapo. Kila nikipita mtu ananiita vile."

Sikumwuliza jina lenyewe, na sijamwuliza mpaka leo. Nilipakua ming'oko nikamsogezea, nikakaa.

Akachukua mmoja akasema, kama anajisemea, "Lakini mama anajua. Mama hahitaji kutaja jina. Yeye anajua ni yupi alivunjika mkono." Akainua kichwa. "Kwa nini tumtafute kwa jina? Mtoto si jina lake. Mama angeoneshwa tu watoto wake, bila jina lolote, yule aliyevunjika mkono, yule aliyelazwa kwa malaria. Ananyooshea kidole. Haongei. Nesi anaandika jina jipya, la zamani linafungiwa ndani."

Nikaona mkono wake unaivuta laptopu kutoka kwenye mkeka.

Tangu hapo nilisahauliwa. Nilikaa pembeni nikaangalia watu wawili wakifanya kazi, maana siwezi kuiita vinginevyo. Yeye anasimulia, kwa mtindo wa Mzee Mnali ambaye hakuwahi kumwona, nani anafika kwanza, nani anakaa wapi, nani akisikia nini atafedheheka. Mashine inajenga. Jaribio la kwanza lilikuwa na picha za watoto. Akalikataa, akasema akina mama wengi hawatapenda sura za watoto wao zikae humo. La pili lilikuwa na maneno mengi, na akina mama wengine hawasomi. La tatu mashine ilichora michoro midogo kwa kila tukio: mkono uliofungwa bendeji, kitanda, chandarua, sindano. Alipoliona hilo, akatabasamu. Lile tabasamu la nyayo za mnyama. Sikuwa nimeliona siku ile mpaka hapo.

Na kuna kitu mashine ilifanya ambacho mimi nitakiheshimu mpaka naingia kaburini. Baada ya kufungia jina la zamani, ilimwuliza: nani aruhusiwe kuliona, na kwa sababu gani? Hakuwa ameiambia iulize. Somoe akakaa akafikiri, kidole mdomoni, halafu akaandika kwamba ni mganga peke yake, chumbani kwake, tena kwa sababu ya matibabu tu, na kioo cha dirishani kisilioneshe kamwe, hata kwa bahati mbaya. Swali zuri likamkuta mtu anayejua jibu.

Enzi zangu, kila moja ya majaribio yale matatu lingekula msimu. Unajua maana yake? Maana yake ningefanya lile la kwanza, nikalipenda kwa sababu limenitoa jasho, na nikaligombania mbele ya kila mtu mpaka wakalikubali kwa uchovu. Mawazo mangapi nimeyaua mimi kwa sababu kuyajaribu kulikuwa ghali! Hapo ndipo nilipoelewa Somoe alikuwa amehuzunikia nini, na kwa nini hakuhitaji kuhuzunika. Kuhangaika kulikuwa hakujaondoka. Kulikuwa kumehama, kumetoka kwenye nukta na mabano kumeingia kwenye swali la namna ya kumpitisha mtoto dirishani bila kumvunjia heshima. Na hilo ni hangaiko tamu zaidi, mimi naona.

Sitawadanganya. Kuna kazi zimekwisha. Yule kijana aliyekuwa anaishi kwa kunakili fomu zilezile kutoka duka hili hadi duka lile, anabadilisha rangi tu, atafute lingine, na aanze leo. Namwonea huruma, maana na mimi nilikula kwa fomu hizo miaka mingi. Lakini nami pia nilishaona kazi zikifa: nani kati yenu anajua kutengeneza flopi iliyoharibika? Nilikuwa bingwa wa flopi wilaya nzima. Hakuna aliyenililia.

Alhamisi nikapanda naye Newala. Sikualikwa, nilijialika. Gari lilipomaliza kupanda ukingo wa uwanda tukakutana na ukungu na ule upepo wao, na barabarani wali walikuwa wametoka majuzi tu: vijana wadogo kwenye nguo mpya, kofia, miwani ya jua katikati ya ukungu, wanatembea polepole kama mabalozi.

Zahanatini Mama Fatu hayupo tena, amestaafu kama mimi. Dirishani yuko nesi Mwajuma, binti mwepesi wa mikono. Baba Rehema mwenyewe alisimama mlangoni, mikono nyuma. Somoe alikuwa chini ya meza anaunganisha nyaya, na nilijua kabisa kwamba anajificha. Asubuhi njiani hakusema neno juu ya duka la mjomba, wala mimi sikumwuliza. Nilikuwa naogopa jibu.

Wagonjwa wa kwanza walipita vizuri. Halafu akaja mama mmoja kutoka upande wa Kitangari na mwanawe mmoja wa wale wa miwani. Ana jipu mgongoni, anatembea ameinama lakini kidevu kiko juu.

"Jina la mgonjwa?" akauliza Mwajuma.

Kijana akajibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu mzima. "Selemani."

Mwajuma akaandika. Hakuna. Kompyuta haikumjua Selemani. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu na masikio yamesimama, na wenzake wawili wa miwani walikuwa kwenye benchi.

"Atahitaji sindano huyu," mama akasema, anahangaika. "Na kuna sindano moja alipigwa zamani uso wote ukavimba, tukakimbizwa hospitali. Sijui jina la dawa. Mimi siijui."

Chini ya meza nyaya zilikuwa zimeacha kusogea.

Mwajuma hakuuliza aliitwa nani kabla. Alimwuliza mama jina lake yeye mwenyewe na kijiji chake, kwa sauti ya kawaida, akabonyeza, kisha akakigeuza kioo kikamtazama mama. Pale palikuwa na watoto wake wote waliowahi kutibiwa hapo, na hakuna jina hata moja. Mama aliinama akatazama. Akapita wa kwanza. Akapita msichana mwenye mchoro wa chandarua. Akafika kwenye mchoro wa mkono wenye bendeji na chini yake sindano yenye alama nyekundu, akaweka kidole chake juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Huyu," akasema. Basi.

Jalada likafunguka. Juu yake Mwajuma akaandika Selemani, na chini yake palikuwa na historia yote, na jina la ile dawa liko hapo, jekundu. Mwajuma akamwita mganga akamwonesha kimyakimya. Mganga akatikisa kichwa, akabadilisha dawa. Kwenye foleni hakuna aliyesikia lolote. Kijana akavua miwani, akakitazama kioo, akaona jina lake pale juu, jina lake lile moja, akavaa tena.

Mama alikuwa bado ameshika ukingo wa dirisha. "Nani katengeneza hii?"

Mwajuma akaonesha chini ya meza. Mama akachungulia, akamwona Somoe na vumbi magotini.

"Wa wapi?"

"Wa hapahapa Newala, mama," Somoe akasema.

Mama akageukia foleni, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Huyu amefundwa."

Kama hamjui, hakuna sifa kubwa huku kuliko hiyo. Ina maana umekaa kwa wakubwa ukasikiliza, ukafundishwa, ukashika. Mimi niliandika programu Newala na Masasi na vijiji vyote hivi ujana wangu wote, nimeambiwa ahsante, nimeambiwa hongera, nimepewa na kuku. Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu, nikafuta macho, na Baba Rehema akadhani ni baridi, akaniletea chai.

Tukiwa njiani kurudi nilijikaza nikauliza. "Na duka la mjomba?"

"Mjomba atapata mtu," akasema Somoe. Alikuwa ameifungua laptopu mapajani, gari linateremka ukingo, anaiambia mashine kitu. Nikachungulia juu ya bega lake, kama yeye alivyokuwa akinichungulia mimi. Alikuwa anaisimulia habari ya bibi mmoja wa kule kwao ambaye hawezi kukumbuka siku za dawa zake, lakini anakumbuka siku za gulio. Wala hakuniona.

Ile laptopu hajanirudishia mpaka leo. Siku nikimwona anaingia tena uani nayo imefungwa kwenye kanga, vijana, nawaambia kabisa, sifungui mlango.